Joto Likizidi Thelathini na Nane

Tarehe 3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi na miwani ipo usoni, si juu ya kabati. Mimi ni mzima, kikohozi kimenitoka. Chumba nilichopanga kipo juu ya duka la vifaa vya shule, na kila asubuhi mwenye duka akiinua mlango wake wa bati, kitanda changu kinatetemeka. Saa ya kuamka sihitaji tena. Kazini bado nipo kwenye miezi ya majaribio, ila mambo yanakwenda vizuri. Naandika programu kutwa nzima, jioni macho yanakuwa kama nimekata vitunguu.

Sasa kuhusu huo mzigo. Usimgombeze mkaza mjomba, lakini aliniandikia ujumbe kwenye simu. Anasema tangu masikio yako yalipozima, umehamia kwenye kiti kando ya kiangulio chako cha mayai, kwa sababu kengele yake ikilia wewe huisikii. Unalala umekaa, shingo imepinda kama mpini wa mwavuli. Mjomba, ile mashine ya kusaga nafaka uliyosimama pembeni yake miaka yote imekula masikio. Hicho kiti kisije kikala na mgongo.

Ndani ya boksi kuna kibao kidogo, kinatosha kiganjani. Ndiyo kompyuta yenyewe, usicheke. Ule waya wenye ncha ya chuma uingize kwenye kiangulio, ukae usawa wa mayai bila kugusa trei. Taa zipo tatu. Joto likizidi thelathini na nane, inawaka nyekundu. Likishuka chini ya thelathini na saba, inawaka ya buluu. Vinginevyo inawaka ya kijani. Waya wa taa nimeuacha mrefu, utafika mpaka chumbani kwenu.

Programu nimeiandika kwa mkono wangu, na nimeijaribu kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu yaliyofika thelathini na saba na nusu. Kijani safi. Kwa hiyo ukiona kijani, Mjomba, jinyooshe kitandani kama binadamu.

Mwanao,
Sisimizi


Tarehe 19 Februari

Sisimizi,

Marahaba, na tena marahaba. Mzigo umefika salama, dereva wa basi aliubeba mapajani kama mtoto mchanga. Hapa sote wazima. Mke wangu jino linamsumbua lakini mdomo haujapungua kasi, au ndivyo ninavyoona kwa kuutazama.

Usinilaumu kwa kuandika barua wakati wenzangu wanapiga simu. Simu kwangu siku hizi ni kipande cha sabuni, naishika tu. Na ukiniambia nibonyeze ujumbe, kidole changu kimoja kinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Kalamu bado tunasikilizana.

Kibao nimekifunga kama ulivyoelekeza, na ile kengele ya zamani nimeichomoa, kazi yake imekwisha. Trei zote nimezijaza. Safari hii mayai ni ya kile kikundi cha akina mama walio jirani na soko, wale walioanza na kuku wachache wakaona faida. Wameyakusanya wenyewe, yai kwa yai, kwa majogoo wa kuazima, na kila mmoja ameweka alama yake ya kalamu kwenye ganda. Mwenyekiti wao alinikabidhi vikapu huku amenikazia macho. Sikusikia alichosema, ila nilikielewa.

Taa yako ya kijani inapendeza. Inaangaza ukuta wa chumbani kama jani. Usiku wa kwanza niliamka mara kadhaa kuitazama. Wa pili mara moja. Wa tatu mke wangu anasema nilikoroma mpaka paka akahama. Sijui kama ni kweli, shahidi wa kukoroma kwangu ni yeye peke yake.

Niliposoma "nimeiandika kwa mkono wangu" nilikumbuka ulivyokuwa mdogo hapa nyumbani, hukutulia mahali, ukibeba vitu vikubwa kuliko wewe. Jina nililokupa halikukosea.

Wiki tatu si nyingi. Utapata habari.

Mjomba wako


Tarehe 14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hapa mvua imeanza, na dari langu limeonyesha mahali linapovuja: juu ya viatu, si juu ya kitanda, kwa hiyo nashukuru. Vipi jino la mkaza mjomba? Mwambie ang'oe, asibembelezane nalo.

Nimehesabu, na kwa hesabu yangu vifaranga wameshatoka. Nasubiri kwa hamu. Wametoka wangapi? Akina mama wamefurahi?

Nami nina habari. Mkuu wa kitengo chetu, tunayemwita Bwana Dakika kwa sababu kila ukimwendea anasema "dakika moja" halafu inakuwa saa, alisikia nimetengeneza taa za kiangulio. Aliniita akaniambia nimwonyeshe. Nikamwonyesha. Akakuna kidevu, akasema, "Hii ndiyo tunayoitaka kwenye vyumba vya baridi vya kiwanda cha maziwa." Mjomba, nimepewa kazi ile mimi, mtu wa majaribio! Nimechukua programu yako ileile, nimebadilisha tarakimu tu: maziwa yakizidi nyuzi nne, taa nyekundu, vinginevyo, kijani. Itafungwa kiwandani mwishoni mwa Aprili.

Kazini sasa wananisalimia kwanza wao. Ni wewe uliyenifikisha hapo, wewe na kuku wako.

Nisalimie wote, na uniambie idadi.

Sisimizi


Tarehe 30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako niliipata siku nyingi kidogo zilizopita, nikawa na shughuli. Hongera kwa kazi ya maziwa. Nimemsomea mke wangu kwa sauti, akaniambia kwa mikono nipunguze, eti nilikuwa napiga kelele mpaka barabarani.

Jino limeng'olewa. Alilia kabla, si baada. Bati la jikoni upande wa kisima limeachia, nimelipigilia. Jirani yetu fundi redio amepata mtoto wa pili, wa kike, mwenye nywele nyingi. Kisima kina maji mazuri mwaka huu. Pilipili tulizopanda nyuma ya nyumba zimekubali.

Nimekuwa nikifikiri kwamba umri nao una haki zake. Mtu akishaanza kupungua, hapungui upande mmoja. Yule fundi redio ana hamu na kiangulio, ni kijana, macho na masikio yake yako kamili. Pengine nitamwachia. Si jambo la haraka, nakutajia tu.

Usijisumbue kututumia kitu kingine. Hiki ulichotuma kinatosha, na ni kizuri sana. Kazi yako ni safi.

Mjomba wako


Tarehe 6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi. Umeniandikia jino, bati, mtoto wa fundi redio na nywele zake, kisima, hata pilipili. Vifaranga hukuwataja. Nilikuuliza idadi waziwazi, nawe ukanijibu pilipili.

Halafu unataka kuachia kiangulio. Wewe! Nilipokuwa na surua ulikuja kunitazama huku yai moja limo mfukoni mwa shati lisipoe.

Nimempigia simu mkaza mjomba. Akasema, "Muulize mwenyewe, mimi nimekatazwa," akabadilisha mazungumzo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo wake nimeanza kuusikia huku.

Sikuombi unieleze sababu. Niambie tu ulichokiona, kwa mpangilio ulivyokiona. Taa ilikuwa ya rangi gani?

Sisimizi


Tarehe 15 Aprili

Sisimizi,

Marahaba, mwanangu. Sote wazima, na safari hii nasema hivyo kwa maana ya kwamba tunapumua.

Umeuliza, basi nakujibu. Ilikuwa wiki ya pili ya mayai. Nilikuwa nimeyapima kwa tochi, yamejaa mishipa, yana uhai ndani. Siku moja baada ya chakula cha mchana, jua kali, nilifungua mlango wa kiangulio ili nigeuze mayai. Hewa iliyonipiga shavuni haikuwa ya kawaida. Miaka yote hii shavu langu linajua hewa ya kuangulia, ni kama pumzi ya mtu aliyelala. Ile ilikuwa pumzi ya mtu mwenye homa.

Nikaitazama taa. Kijani.

Nikatazama kile kipimajoto changu cha zamani, cha kioo. Kilisema arobaini. Nikarudi kwenye taa. Kijani, haitikisiki. Nikasimama pale, Sisimizi, nikajiambia: mashine hii imeandikwa na mtoto aliyesoma, ni mpya, haina usingizi wala haina uzee. Kipimajoto hiki ni cha zamani kama mimi. Masikio yameshakwenda, sasa ni zamu ya ngozi. Nikakichukua kipimajoto nikakitupa kwenye shimo la takataka. Nikafunga mlango.

Asubuhi yake ilikuwa vilevile. Nilihisi moto, nikaitazama taa, nikajitukana kimoyomoyo, nikafunga. Siku iliyofuata harufu ilianza.

Yote viza. Trei zote. Niliyapasua nyuma ya nyumba, mke wangu akiwa amesimama mlangoni. Vifaranga walikuwa wameshaota vimanyoya. Yale maganda yenye alama za kalamu niliyachagua moja moja, sijui kwa nini, nikayafukia mbali na mengine.

Mwenyekiti wa kikundi alikuja. Nilimwambia kosa ni langu, nilizungusha kitasa cha hita vibaya kwa sababu ya uzee. Hakuniambia neno baya. Alichukua vikapu vyake vitupu, akaondoka, na hilo lilikuwa baya kuliko neno.

Sikukuandikia kwa sababu ndiyo kwanza wenzako wameanza kukusalimia. Kosa la mzee aliyechoka lina haja gani ya kukufuata huko? Taa yako haina hatia. Ni mimi ambaye sijui tena joto ni nini.

Mjomba wako


Tarehe 22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sina salamu ndefu leo, unisamehe.

Shavu lako lilikuwa sahihi. Kipimajoto chako kilikuwa sahihi. Aliyekosea ni mimi.

Barua yako niliisomea ngazini, sikufika hata chumbani. Nilichukua kibao pacha cha kile nilichokutumia, nikaazima mashine ya kukaushia nywele kwa binti wa dukani, nikaipulizia ile ncha. Thelathini na tisa: kijani. Arobaini na mbili: kijani. Nikaitia kwenye glasi ya maji ya barafu: kijani. Binti akaniuliza, "Mbona unalia na taa imewaka vizuri?"

Acha nikueleze, maana una haki ya kuelewa kilichotokea nyumbani kwako. Niliandika hivi, nimeigeuza kwa Kiswahili:

chagua kwa kuangalia JOTO
   hali: JOTO > 38, washa nyekundu
   hali: JOTO < 37, washa buluu
   vinginevyo, washa kijani

Mtu akisoma anaona sawa kabisa. Mimi nilisoma nikaona sawa. Lakini lile neno "chagua" halijui "zaidi ya" wala "chini ya". Kazi yake ni moja tu: kuchukua kitu kilichoandikwa juu, kukipeleka kwenye kila hali, na kuuliza kama hivi viwili ni kitu kimoja. Ni kama mlinzi wa getini mwenye majina ya wageni. Hajali wewe ni mrefu au mfupi, anauliza jina tu.

Sasa joto limefika arobaini. Mashine inafika hali ya kwanza, inakokotoa: arobaini ni zaidi ya thelathini na nane? Inapata jibu, KWELI. Hapo mimi nilidhani itawasha nyekundu. Haikuwasha. Inalichukua lile jibu na kuuliza: je, arobaini na KWELI ni kitu kimoja? Hapana, kimoja ni namba na kingine ni neno. Inapita. Hali ya pili inapata jibu SI KWELI, inauliza tena kama arobaini na SI KWELI ni kitu kimoja. Hapana. Inapita. Kilichobaki ni "vinginevyo". Kijani. Ungeitia motoni ingekuwa kijani. Lugha niliyoitumia haikulalamika hata kidogo, ilinyamaza ikaniacha nijione hodari.

Na mimi nilijaribu kwa maji ya uvuguvugu tu. Nilijaribu pale nilipotaka jibu liwe kijani. Sikujaribu hata mara moja pale lilipotakiwa kuwa jekundu.

Dawa yake ni ndogo mpaka inatia aibu. Pale juu, badala ya JOTO, unaandika KWELI:

chagua kwa kuangalia KWELI
   hali: JOTO > 38, washa nyekundu

Sasa ikikokotoa ikapata KWELI, inaulinganisha ukweli na ukweli, vinafanana, taa inawaka. Neno moja tu, Mjomba. Trei zote zile kwa neno moja.

Mayai yananiuma. Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba ulihisi moto kwa ngozi yako mwenyewe, ukaamini taa yangu kuliko ngozi yako, halafu ukaanza kujiona umekwisha. Hujakwisha. Tafadhali usimpe fundi redio chochote.

Lipo jingine. Programu ya maziwa ni ileile. Vyumba vya baridi vinawashwa Jumatatu. Maziwa yakiharibika taa itakaa kijani, na wanaoyanywa ni watoto wa shule. Hapa ofisini hakuna anayejua ila mimi, na miezi yangu ya majaribio haijaisha. Kesho asubuhi nitamsubiri Bwana Dakika mlangoni kabla hajavua koti. Sijui atasema nini. Laiti ungeninyamazia mpaka mwezi ujao, ningekuwa nimeshaua kitu kikubwa kuliko mayai.

Sisimizi


Tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Nitasema kweli, nilikasirika. Siku mbili sikuishika kalamu. Nilizunguka uani, nikabomoa kibanda cha kuku kilichokuwa kizima, nikakijenga upya. Mke wangu akaniacha nifanye. Sikukasirikia neno lako moja, mtu yeyote hukosea neno. Nilikasirika kwa sababu miezi miwili nimekuwa nikitembea nyumbani kwangu kama mgeni, nagusa chai kwa kidole kwanza nijue kama ni ya moto kweli.

Siku ya tatu hasira ilikwisha, nikajikuta nina njaa. Nikala, nikaenda kwenye shimo la takataka na reki. Kipimajoto nimekipata, kimechafuka tu, kioo ni kizima. Nimekiosha.

Kisha nikaenda kwa mwenyekiti wa kikundi. Nilikuwa nimeshamdanganya kwamba nilizungusha kitasa, na uongo hata ukiwa wa kumlinda mtu unataka kuondolewa. Nikamweleza kama ulivyonieleza, yule mlinzi wa getini na majina yake. Alisikiliza, akachukua kijiti akaniandikia mchangani kwa herufi kubwa: KWA HIYO MASHINE ILIKUWA INAJIBU "NZURI" TU? Nikamwambia ndiyo. Mgonjwa mahututi, ukimuuliza habari, "nzuri". Akacheka mpaka akashika ubavu. Nami nikacheka, ingawa nilijua kwamba barua yangu ya Machi, ile ya pilipili, ilikuwa na adabu hiyohiyo.

Hajaahidi kuniletea mayai tena. Amesema watakaa kikao.

Fundi redio nimemwambia asije. Umemwambia mkuu wako? Niandikie neno lilivyo, usinipambie.

Mjomba wako


Tarehe 24 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa mkaza mjomba. Nimechelewa kwa sababu nilitaka nikujibu kwa barua na mzigo pamoja.

Nilimsubiri mlangoni kama nilivyosema. Akaniambia, "Dakika moja." Nikamwambia, "Hapana bosi, sasa hivi." Nadhani hakuwahi kuambiwa hivyo. Tulikaa kwenye meza yangu, nikamwonyesha kwa mashine ya nywele. Alitazama ile taa ya kijani muda mrefu. Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Mjomba wangu."

"Yuko kampuni gani?"

"Anaangua vifaranga."

Hakucheka. Aliinuka akapiga simu kiwandani, akawaambia wasiwashe. Halafu akanitoa kwenye kazi ya maziwa siku ileile, akampa mwenzangu anayekaa dirishani. Mjomba, iliniuma. Nilikaa pale namwona anaitengeneza kazi yangu, na hakuna aliyenisalimia kwanza wiki ile. Sasa nimewekwa pembeni, karibu na mashine ya kutolea nakala, nafanya kazi ya kujaribu programu za wenzangu: naziingizia namba za ajabu, sifuri, namba hasi, herufi mahali pa tarakimu, mpaka zianguke. Miezi yangu ya majaribio imeongezwa mpaka Septemba. Baada ya hapo sijui. Zamani ningekuandikia "mambo mazuri". Sijui, Mjomba, ndiyo habari yenyewe.

Kibao kipya hiki hapa. Nimeongeza taa ya njano, ili upate onyo kabla ya hatari. Na kwenye njano nusura niteleze tena. Niliandika hali ya kwanza: joto likiwa thelathini na nane au zaidi, njano. Ya pili: thelathini na tisa au zaidi, nyekundu. Nikapulizia hewa moto, ikapanda arobaini, njano imekaa tu. Kumbe mashine inasoma kutoka juu kwenda chini na kuishia kwenye ukweli wa kwanza inaoukuta. Arobaini nayo ni zaidi ya thelathini na nane, basi inashika njano na hairudi. Nikapindua mpangilio: hatari kubwa juu, ndogo chini yake. Sasa ni nyekundu kwa thelathini na tisa au zaidi, njano kwa thelathini na nane au zaidi, buluu chini ya thelathini na saba, na kijani kwa kilichobaki. Safari hii nimeandika "au zaidi", maana namba inayosimama mpakani kabisa nayo inahitaji mahali pa kwenda.

Nimeijaribu kwenye kila mpaka, juu yake kidogo na chini yake kidogo. Binti wa dukani amechoka na mimi, amenipa ile mashine ya nywele moja kwa moja.

Lakini Mjomba, ukifungua mlango na shavu likakataa, liamini shavu. Zima hita kwanza, nitukane baadaye.

Sisimizi


Tarehe 2 Julai

Sisimizi,

Marahaba, mwanangu. Mke wangu ni mzima, anatafuna upande wa kushoto kama mwenye siri. Bati la jikoni limeshika.

Kile kikao cha akina mama kilikwenda hivi: walileta mayai nusu ya yale ya mwanzo. Mwenyekiti akaandika mchangani kwamba nusu nyingine inasubiri kuona. Nikamwambia hata mimi ningefanya hivyo.

Wiki ya kwanza ilipita bila neno. Ya pili, siku moja nikiwa napepeta mchele uani, nilikwenda kugeuza mayai, nikafungua, shavu likasema hapana. Nikanyoosha mkono nikafungua tundu la hewa hata kabla ya kuitazama taa. Nilipoitazama, ilikuwa njano. Nikakaguakagua, nikakuta kitasa cha hita kimelegea, kinajizungusha chenyewe kidogokidogo kwa mtikisiko. Ndicho kilichopandisha joto hata mara ile, bila shaka. Fundi redio amekikaza kwa skrubu mpya. Ana mikono mizuri yule kijana. Nimemwambia awe anakuja kujifunza, bila kuchukua mashine.

Umesema umewekwa pembeni. Sijui kazi zenu zinavyokwenda, siwezi kukuambia kwamba ni jambo jema. Najua tu kuwa ulimwambia mkuu wako kabla hajavua koti, na hilo nimemsimulia kila mtu hapa, wengine mara mbili. Septemba wakikuambia neno, zuri au baya, niandikie lilivyo. Wakikwambia uende, chumba chako kipo, nimehamishia magunia ya pumba kwingine.

Juzi asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu, mke wangu akaja mbio akanivuta shati. Mdomo ulikuwa unakwenda kasi nisiweze kuusoma. Nikadhani nyekundu, nikakimbia na sabuni usoni. Taa ilikuwa kijani. Nikaingiza uso mlangoni, hewa ilikuwa nzuri, ya mtu aliyelala. Nikamgeukia nikamuuliza, "Kuna nini basi?" Akachukua kidole changu akakigongesha kwenye ganda, taratibu, akanionyesha sikio lake.

Walikuwa wanalia mle ndani. Walikuwa bado hawajatoka, wanalia ndani ya maganda.

Nililichukua yai moja lenye alama ya msalaba wa kalamu, nikalifunika kwa viganja viwili. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Nikasubiri. Halafu kitu kikagonga kutoka ndani, kikanyamaza, kikagonga tena, na ganda zima likatetemeka kwa sauti yake.

Nilisikia, Sisimizi. Mke wangu ni shahidi. Nimekaa nalo hivyo mpaka mdomo mdogo ukatoboa na kunichoma kidole.

Mjomba wako